Miwani Inayobadilika na Sweta la Damu ya Mzee

Jumatatu, 14 Julai 2025

Asubuhi baridi kali. Umande umeganda juu ya majani nyuma ya nyumba, mweupe kama chumvi. Saa tatu jua limetoka, mbingu haina wingu hata moja. Jua la Njombe la mwezi huu linaumiza macho lakini halipashi moto hata kidole.

Nimekwenda Makambako kuchukua miwani. Jofrey, fundi wa miwani, ana maneno mengi kuliko lenzi. Ameniambia hizi zinaitwa fotokromiki. Nimemwambia arudie ili niandike vizuri. Ndani zinakuwa nyeupe kama kioo cha kawaida, nje kwenye jua zinaingia giza zenyewe. Nimechagua giza la kahawia, la kijivu lilinifanya nionekane polisi. Makubaliano: nizijaribu mpaka Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe 26. Nikiona hazifai maisha yangu, atanitolea na kuweka lenzi za kawaida kwenye fremu ile ile. Akasema, "Mama Nelly, hutarudi. Hakuna anayerudi." Nimemjibu kwamba mimi ni mtu wa kupima kwanza.

Kisha soko la nyuzi. Sababu yenyewe ya haraka yote hii: sekondari ya masista inatafuta fundi wa masweta ya shule nzima. Tumebaki wawili, mimi na Marcelino wa pale stendi mwenye mashine ya mota. Kila mmoja apeleke sweta la mfano Jumanne ijayo. Wametupa kipande cha kitambaa cha sketi, rangi ya damu ya mzee, na sweta lazima lifanane nacho. Nikiikosa kazi hii nafunga fremu, hiki kibanda changu cha kufumia. Sina namna nyingine ya kuliandika. Nafunga, narudi Iwawa kwa kaka Danford kulima viazi.

Nimefanya kama nilivyofundishwa na marehemu Mama Sadock wa Mdandu aliyenipa ufundi huu: rangi ya ndani ya duka ni ya uongo, toka nayo nje juani. Nimetoka na koni ya uzi na kile kitambaa, nimeviweka pamoja, nimetazama sana. Vimefanana kama mapacha. Nimenunua.

Kurudi nimekaa kiti cha mbele, jua usoni njia nzima, miwani nyeupe pepe! Nimempigia Jofrey. Kumbe kioo cha gari kinazuia ile miale ya jua inayoziamsha. Nikamuuliza, kwa hiyo kwenye gari hazifanyi kazi? Akasema zinafanya kazi vizuri sana, ila si kwenye gari.

Jumanne, 15 Julai

Baridi, upepo. Jua.

Siku ya kwanza kamili. Uzuri: nimetembea toka nyumbani mpaka kwenye fremu bila kukunja uso, na kichwa hakijauma. Hilo ni jambo kubwa, kichwa kimeniuma tangu Mei. Ubaya: nikiingia ndani giza haliondoki. Nimekaa kwenye mashine nimesubiri mpaka chai ikapoa. Nimempigia Jofrey. Anasema kwenye baridi zinaingia giza zaidi na zinachelewa kurudi, Dar es Salaam zinarudi upesi. Nimemwambia mimi siishi Dar es Salaam.

Devotha wa genge la mboga, jirani yangu wa fremu, amenitazama asubuhi nzima. Mwisho akaja karibu, akanong'ona: "Shoga, nani kakupiga jicho?" Nimemwambia mume wangu alifariki miaka saba iliyopita, atanipiga kutoka wapi? Akafikiri kidogo. Akasema, "Basi una mwingine, na umenificha mimi!" Amenuna mpaka jioni. Hasira ya jicho imeisha, imebaki hasira ya kufichwa.

Alhamisi, 17 Julai

Manyunyu mpaka saa nne, kisha jua la ghafla.

Kufuma kunakwenda. Mgongo wa sweta umekwisha, mikono kesho.

Njiani nimekutana na bibi mmoja amebeba kuni. Nimemwamkia, "Kamwene, bibi." Kimya. Nikarudia. Akasimama, akanitazama, akasema hawezi kumjibu mtu asiyemwona macho, atajuaje kama salamu ni yake au ya mbuzi? Nimevua miwani. Akajibu vizuri, akauliza watoto, akauliza mahindi. Nikavaa tena, akaniaga kwa kutazama pembeni.

Marcelino amepita "kusalimia." Macho yote kwenye mashine yangu. Nimefunika kazi kwa khanga. Akasema, "Dada Hulda, kumbe siku hizi msanii!" Nimemjibu kwamba msanii ni yule mwenye mashine ya mota na bado anakuja kuchungulia ya mkono.

Kaka Danford amepiga kutoka Iwawa. Anasema huko viazi vimestawi na watu wa kuvuna hawatoshi. "Jembe lako tumeshalitia mpini mpya, mdogo wangu." Kaka ananipenda. Mapenzi yake yote yana mpini.

Jumapili, 20 Julai

Jua toka alfajiri, baridi ya kukata masikio.

Sijui niliandikeje hili.

Nimefika kanisani nimechelewa, wimbo wa pili. Kutoka juani kuingia ndani — giza totoro. Nimesimama mlangoni nisubiri macho yafunguke. Mzee Elius, mzee wa kanisa, akanijia. Akanishika mkono. Nikadhani ananisalimia, kumbe ananiongoza! "Taratibu mama, hapa kuna ngazi." Alidhani nimepofuka. Kanisa zima limegeuka. Ningemwambia nini mbele za watu, Mzee Elius mwenye heshima zake? Nimeona heri nimfuate. Akanipitisha katikati, akanikalisha benchi la mbele kabisa pamoja na wazee wasiojiweza, akamwambia bibi wa jirani yangu anishikie kitabu cha nyimbo.

Bibi yule akanishikia. Akanigeuzia na kurasa. Kwa heshima nikaimba kwa kichwa, kama mtu asiyeona.

Ikaja sala ya kuwaombea wagonjwa. Ndefu. Tulipofumbua macho, lenzi zilikuwa zimerudi nyeupe. Bibi akanitazama usoni, akaona macho yangu, nami nikamwona. Akanikamata mkono kwa nguvu ambazo sikuzitarajia. "Unaniona?" Nikasema nakuona, bibi. Akapiga kigelegele!

Mchungaji ameuliza kuna nini. Nimetumia muda mrefu nje baada ya ibada kueleza habari ya miale na lenzi, huku lenzi zenyewe zinaingia giza tena mbele ya watu. Mzee Elius amekubali maelezo. Bibi amekataa. Anasema Mungu anaweza kutumia hata vioo.

Jumatatu, 21 Julai

Ukungu, kisha jua.

Sweta limekwisha. Shingo imekaa, pindo limenyooka, sijawahi kufuma kitu kizuri hivi. Ndani karibu na dirisha niliona kama rangi imelala kidogo, kama kahawa. Nikatoka nalo nje pamoja na kitambaa. Mapacha. Mama Sadock hakukosea: usiamini rangi ya ndani.

Jumanne, 22 Julai

Baridi, jua kali. NIMEPATA!

Niandike kwa utaratibu.

Mkuu wa shule ni Sista Tereza. Mtu mzima, mrefu, sauti ndogo ambayo watu wazima wanaitii kama kengele. Nimeingia nikasema, "Bwana asifiwe." Akasema, "Tumsifu Yesu Kristo." Nikajibu, "Amina." Akasubiri. Nikaongeza, "Milele." Akatabasamu, akasema Walutheri wanafika tu, hata kwa njia ya kuzunguka.

Marcelino alikuwapo na sweta lake. Sista akayashika yote mawili, akavuta mishono, akageuza ndani nje. Kisha akasema rangi haitazamwi ndani, tutoke. Nikampenda papo hapo! Tumesimama uwanjani. Na hapo nikaona miwani yake inaingia giza polepole — ni kama yangu! Giza la kahawia lile lile. Akaniona namtazama, akacheka. "Na wewe pia, Mama Nelly? Mimi mwaka wa tatu sasa." Tukasimama pale kama ndugu wawili waliotoka msibani.

Akaweka sweta langu juu ya sketi ya shule. Akaweka la Marcelino. Akasema rangi zote sawa, ila shingo ya Marcelino inabana na yangu imetulia. Marcelino akafungua mdomo. Akatazama sweta langu, akatazama sketi, akamtazama Sista. "Mbona hili la dada..." Sista akauliza, mbona nini? Marcelino akasema hapana, hakuna, unavyoona wewe, Sista.

Nikadhani ni wivu.

Kazi ni yangu. Uzi wa shule nzima ninunue kabla ya mwisho wa mwezi. Nimempigia kaka nimwambie atoe ule mpini. Akasema sawa, atauacha kwa sasa.

Jumatano, 23 Julai

Mawingu mazito. Hakuna jua kabisa.

Sweta la mfano limerudi kwangu ili nilifuate. Nimelitundika mlangoni. Devotha amekuja kuomba kiberiti, uso umekwisha kunyooka. Akalisifu. Akauliza, "Hii brauni ya shule gani?"

Nikasema brauni gani? Hiyo ni damu ya mzee.

Akacheka. Akaona sicheki. Akachukua nyanya kutoka kwenye genge lake, akaleta na kipande cha kitambaa cha sketi kilichokuwa mezani kwangu, akavipanga juu ya sweta. "Hiki damu ya mzee. Hii nyekundu. Hili, shoga yangu, ni brauni. Ni udongo wa barabara ya kwenda Ludewa."

Nimevua miwani. Mimi vya karibu naviona bila miwani, nikiweka pua. Nikaweka pua.

Brauni.

Kila nilipotoka nje kuitafuta rangi ya kweli, miwani iliingia giza la kahawia na kunifananishia kila kitu. Nimefuata kanuni ya Mama Sadock hatua kwa hatua, na kanuni imenipeleka shimoni. Yeye alikuwa na macho matupu.

Na Sista vilevile. Tumesimama juani wanawake wawili wazima na vioo vyetu, tumepitisha brauni. Marcelino aliona! Alikuwa na macho yake mawili, na akanyamaza.

Sijala mchana.

Alhamisi, 24 Julai

Baridi, jua. Jua tena! Silitaki.

Devotha anasema ninyamaze. Mkubwa ameshasema zimefanana, basi zimefanana. Kama Sista anaona damu ya mzee, mimi ni nani? Nifume brauni niliyoagizwa. Nimelifikiria hilo kwa uaminifu wote kuanzia kwenye fremu mpaka stendi. Kisha nikawaona kwa mawazo wasichana wa shule nzima wanapanda kwenda misa, sketi damu ya mzee, juu udongo wa Ludewa, na wazazi wao njia nzima wanauliza nani kafuma. Sista atajua siku hiyo. Wote watajua, isipokuwa sisi wawili tukiwa juani.

Nikisema leo, atasema fundi asiyejua rangi ni fundi gani? Kazi itakwenda kwa Marcelino. Nisiposema, nitafukuzwa baadaye na deni la uzi juu.

Nimekwenda Makambako. Miwani mfukoni. Nimeingia duka la nyuzi nikainamia koni moja moja, pua ndani ya uzi. Muuzaji akaniuliza kwa upole, "Mama, unanusa?" Nimesema ndiyo, leo nanusa. Nimepata damu ya mzee yenyewe. Nilitoka nayo nje pia, bila miwani, kwa ajili ya Mama Sadock.

Nimepita kwa Jofrey nikamweleza. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue amenijibu kwa ufupi. "Ukichagua rangi uvue, mama. Hilo nilitakiwa kukuambia." Akakumbusha kwamba Jumamosi ndiyo mwisho. Akauliza kichwa je? Nikasema kichwa hakijauma hata mara moja. Hapo ndipo penye ugumu.

Nimefuma mkono mmoja mpya, nitaushona kwenye sweta lile lile upande wa kulia. Hivyo Sista ataona tofauti bila mimi kuongea sana.

Ijumaa, 25 Julai

Umande umeganda tena. Jua la wazi tangu saa mbili.

Nimekwenda. Sweta lina mkono mmoja brauni na mmoja damu ya mzee, kama mcheza ngoma.

Sista alikuwa anatoka kukagua bustani, miwani nyeusi. Nimemwambia yote nikiwa nimesimama, kabla sijakosa ujasiri. Akalichukua sweta, akaligeuza juani. Akasema, "Mikono yote sawa, Mama Nelly. Una nini?"

Nikamwomba avue miwani. Akasema akivua haoni hata mkono wake mwenyewe, macho yake yamefanyiwa upasuaji. Nikamwomba tuingie ndani.

Tukaingia ofisini, akamwita matroni, Lidia, mama mnene mwenye aproni. "Lidia, mikono hii ni rangi moja au mbili?" Lidia akalitazama sweta. Mtoto wa chekechea angejibu. Lidia akasema, "Unavyoona wewe, Sista."

"Mimi naona moja."

"Ni moja, Sista."

"Mama Nelly anasema mbili."

Lidia akanitazama kama mtu anayetazama gari linalokuja. "Na mbili pia zipo."

Sista akasema basi, tukae, tusubiri miwani ipate nuru. Tukakaa. Ofisi ile ni baridi kama ghala la viazi. Tulitazamana, miwani nyeusi kwa miwani nyeusi, Lidia katikati yetu ameshika sweta kwa mikono miwili. Chai ikaletwa. Nikaona macho ya Sista yanatokea kidogo kidogo, kama mtu anayekuja kwenye ukungu. Nadhani naye aliyaona yangu.

Akasimama, akalipeleka sweta dirishani. Akautazama mkono mmoja. Akautazama mwingine. Akakaa chini.

"Ni mbili."

Lidia akasema, "Ni mbili, Sista."

Nilitegemea sasa aniambie kazi imekwisha. Hakuniambia. Alikuwa anatazama nje ya dirisha, kwenye lango kubwa la shule. Sauti yake ikawa ndogo zaidi. "Lango lile niliagiza lipakwe kijivu. Rangi niliichagua mwenyewe, nje, na fundi. Lidia, lango letu ni rangi gani?"

Lidia akatazama sakafu.

"Mama Nelly?"

Nikasema, "Zambarau, Sista."

"Zambarau ya kiasi gani?"

Nikasema ya kutosha.

Sista akauliza tangu lini. Lidia akasema tangu Pasaka ya mwaka juzi. Na askofu alikuja Pasaka ile, Sista akasema. Alilisifu, Lidia akasema, alisema shule ina furaha. Sista akauliza kwa nini hakuna aliyemwambia, walimu, wazazi, mapadre, mpaka aje fundi wa sweta wa Kilutheri. Lidia akasema wote walidhani ndivyo alivyotaka.

Sista akanisindikiza mwenyewe mpaka langoni. Njiani miwani yake ikaanza kuingia giza, yangu pia. Tukasimama mbele ya lile lango. Akasema, "Sasa naliona kijivu tena." Nikasema, "Na mimi, Sista." Ni kweli. Kijivu kizuri kabisa, cha heshima.

Sweta amebaki nalo. Habari ya kazi hakuitaja. Nilimwambia tu kwamba kesho ni siku yangu ya mwisho kuamua kuhusu lenzi huko Makambako, ili asifikiri nitazivaa tena kwenye nyuzi. Akatikisa kichwa, sijui kwa kukubali au kwa huzuni.

Devotha anasema nimejimaliza. Kwamba mtu aliyemwona mkubwa akiaibika haitwi tena mlangoni. Marcelino amepita mara mbili, anacheka na hewa. Kaka Danford amepiga, sijapokea.

Nimekaa na daftari hili nipange kuhusu miwani. Kwa kubaki nazo: kichwa, macho, barabara, jua la asubuhi. Kwa kuzirudisha: kanisa, salamu za wazee, gari, na rangi, ambayo ndiyo chakula changu. Nimehesabu nikaona zinalingana. Nimehesabu tena nikaona nachoka.

Sasa hivi simu imelia. Ujumbe kutoka namba ya shule. Nauandika kama ulivyo: "Mama Nelly, kesho ninakwenda nawe Makambako kwa huyo fundi wa miwani. Dereva atakupitia asubuhi. Habari ya masweta tutaongea njiani. Usimwambie Lidia. Sr. Tereza."

Nimeusoma mara nyingi. Hausemi kazi ni yangu. Hausemi si yangu. Mtu akitaka kukufukuza hakuchukui kwenye gari lake — au ndivyo wanavyofanya masista, kwa upole, njiani? Na kwenye gari miwani yetu itakuwa nyeupe, nitamwona macho wakati anasema, naye ataniona.

Nimepiga pasi gauni la bluu. Nimelitazama ndani, nimelipeleka karibu na pua. Ni bluu.

Saa nne na nusu. Nalala.